Matairi ya Mama Mwenye Nyumba

Miaka michache baada ya uhuru nilipelekwa Migori kuwa mkaguzi msaidizi wa afya. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mtoto wa Ntimaru, Mkuria na Mkatoliki, na mjini hapo sikumjua mtu. Ofisi yetu kubwa ilikuwa Homa Bay. Huko nilipewa baiskeli, sare mbili za kaki, na kata nyeupe ya enameli yenye mpini mrefu, ya kuchotea maji yaliyotuama ili nione kama yana viluwiluwi vya mbu. Chumba nilitafutiwa na mwenyekiti wa soko. Alinipeleka kwa mjane mmoja wa Kijaluo aliyekuwa na nyumba ya mabati karibu na stendi ya mabasi, akamwambia kwamba amemletea mpangaji asiyekunywa pombe. Mama yule alinitazama viatu kwanza, kisha uso, akasema chumba cha nyuma kiko wazi.

Alikuwa fundi wa akala, vile viatu vya tairi ambavyo kwetu Ntimaru kila mchungaji alivaa. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe. Mume alipofariki, watu walidhani angeuza kisu na kurudi shambani. Yeye alikinoa kisu, akaketi kwenye kigoda cha marehemu mbele ya nyumba, akaanza kukata. Mwanzoni wanaume walikataa kupimwa mguu na mwanamke. Baadaye walikuja wenyewe, kwa sababu akala zake hazikuchubua vidole, na misumari aliizamisha kwa namna ambayo mtu angetembea hadi mpakani bila kuihisi. Kila baada ya mikato miwili mitatu alichovya kisu kwenye mkebe wa maji, maana mpira mkavu hung'ang'ania chuma.

Yeye hakujua Kikuria na mimi Kijaluo changu kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa upande wake. Alikuwa Msabato wa kweli. Nyumbani kwake hapakupikwa kambare, samaki asiye na magamba, hapakuingia chai wala kahawa, na siku ya Ijumaa jua likianza kuinama alifunga kisu ndani ya gunia hata kama mteja amesimama na akala ya mguu mmoja. Mimi alinipikia ugali wa mtama na omena, vile vidagaa vya ziwani, na asubuhi uji. Aliniita "wuoda", yaani mwanangu kwa Kijaluo. Sikumbuki alianza lini. Mwezi wa pili nilipopigwa na malaria, alinikanda kwa kitambaa cha maji siku tatu, akakaa mlangoni akinisomea Biblia ya Kijaluo kwa sauti, kana kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa mtu wa huko kwao na ungesikia.

Nilipona, nikarudi kazini, nikaendelea kuwafundisha watu wa Migori kwamba malaria huletwa na mbu na mbu huzaliwa kwenye maji. Nyuma ya dirisha langu, hatua nne tu, palikuwa na kilima cha matairi. Yalikuwa ya malori ya mizigo, ya mabasi, mengine ya magari yaliyokuwa yakibeba mawe ya shaba kutoka migodini Macalder. Mama aliyanunua yakiisha kabisa, akayarundika hapo hadi siku ya kuyakata. Mvua ikinyesha yalijaa maji kama mabakuli. Niliyaona kila asubuhi nikipiga mswaki.

Kisha ukaja waraka kutoka Homa Bay. Ulisema kwamba tairi chakavu lisiachwe mahali penye kuingia mvua. Mwenye nalo aliweke chini ya paa, au alikate, au alitoboe lisishike maji, au alijaze udongo, au alizike. Asilichome karibu na makazi ya watu wala soko, na asilitupe mtoni. Anayetaka kuyasafirisha kutoka mji mmoja hadi mwingine awe na barua ya afisa wa afya, yenye idadi yake, yanakotoka na yanakokwenda, na mzigo uwe mkavu, umefunikwa. Atakayekaidi baada ya notisi ya siku kumi na nne atapelekwa mahakamani.

Niliusoma ofisini mara mbili, kisha nikapanda baiskeli nikaenda kwenye gereji ya mjini badala ya kuanzia nyumbani. Niliona haya, lakini nilijiambia kwamba gereji ndiyo kubwa. Mwenye gereji alikuwa Mhindi mpole, mwenye ndevu zilizofungwa vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho akijifuta mikono kwa tambara, akaniambia kwamba amefahamu na atatii. Halafu akauliza, bila ubaya wowote sautini:

"Na kule unakolala, Bwana Afya, umeshapeleka?"

Nilipanda baiskeli tena. Nilirudi nyumbani mchana ule, wakati Mama yuko sokoni, nikachukua kata yangu na kuitia ndani ya tairi la kwanza chini ya dirisha. Maji yalitoka ya rangi ya uji, na ndani yake viluwiluwi vilikuwa vikijikunja na kujikunjua, vingi mno. Nilichota la pili, la tatu. Nilisimama pale na kata mkononi nikikumbuka siku zile tatu za homa, na mikono yake iliyokuwa ikinikanda.

Notisi niliiandika jioni hiyo, nikaambatisha nakala ya waraka. Asubuhi nilivaa sare, nikatokea mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba, nikapiga hodi mlango wa mbele kama mgeni. Nilifikiri hiyo ndiyo heshima ya kazi. Mama aliacha kisu, akanawa mikono, akaenda kuchukua miwani, akaisoma notisi kutoka juu mpaka sahihi yangu. Aliirudia. Kisha akaikunja akaitia ndani ya Biblia, akasema, "Nimepokea, Bwana Afya."

Jioni nilikuta meza yangu imetandikwa kitambaa cheupe. Juu yake kulikuwa na sinia, birika, kikombe na kisahani, na ndani ya birika kulikuwa na chai. Chai ya majani, ambayo nyumba ile haikuwahi kuijua. Alikuwa ameinunua dukani makusudi, kwa ajili ya mtu wa serikali. Aliimimina, akaniuliza kama sukari inatosha, akatoka kwenda kula peke yake jikoni. Niliinywa yote kwa sababu sikujua la kufanya. Sijawahi kunywa kitu kichungu namna hiyo. Siku baada ya siku alinihudumia hivyo, kwa adabu kamili, na neno wuoda halikutoka kinywani mwake hata mara moja.

Alizungumza nami juu ya sheria tu. Siku ya pili aliniuliza:

"Hapa imeandikwa tairi chakavu. Yangu ni chakavu ama ni mali? Mimi tairi langu halijachakaa mpaka nitoe soli ya mwisho."

Nilimwambia nitauliza wakubwa. Nikaandika Homa Bay kumuuliza mkuu wangu, mzee mmoja mkali, mwenye mwandiko mdogo kama wa mtu anayebania karatasi. Jibu lake lilikuwa na mstari mmoja. Alisema mbu hajui kama tairi ni mali au ni takataka. Nilimpa Mama barua yenyewe aisome, na nadhani ilimpendeza, kwa sababu alicheka kwa pua kidogo kabla ya kujizuia.

Toka hapo akaanza kuipima sheria kwa kisu. Alitoboa tairi moja ubavuni, akanionyesha kwamba ubavu ndio unaotoa kanda za akala, na kanda yenye tundu hukatika. Alijaza jingine udongo, akaumwaga baada ya siku mbili, akalikata mbele yangu. Chembe za mchanga zilikuwa zimejificha kwenye nyuzi, na ncha ya kisu ikaharibika pale pale. Kuzika alikataa hata kujaribu. Paa la kufunika kilima kile chote hakuwa na uwezo nalo. Hakulalamika. Alikuwa akifanya kama fundi anayetafuta kasoro ya kiatu ili airekebishe, na mimi nilisimama pembeni, mwakilishi wa kasoro hiyo.

Siku ya kumi aliniita barazani. Alikuwa na waraka magotini, umekunjuliwa.

"Hapa chini wamesema naweza kuyasafirisha," akasema.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa mpakiaji mizigo kwenye gati la Homa Bay. Meli na mashua zilizofunga pale zilihitaji matairi ya kuning'iniza ubavuni mwa gati zisijigonge, na yaliyokuwepo yalikuwa yameoza. Walikuwa wameyaomba muda mrefu. Basi nusu ya kilima ingekwenda huko. Nusu iliyobaki angeikata yote kabla ya siku kuisha, na vipande vilivyokatwa havishiki maji.

Ilikuwa kazi ya watu wengi na siku zilikuwa nne. Walikuja wanawake watatu wa kanisani kwake, na mimi nilijiunga nao nilipotoka kazini, nikavua shati la sare nikalitundika mtini. Mama hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alinipa msumeno nikate ukingo wa tairi, ule wenye waya ndani, kisha akanionyesha jinsi ya kulikanyaga kwa mguu ili lisiruke. Jioni ya pili nilijaribu kisu nikajikata kidole gumba. Wale wanawake walicheka. Mama alikuja na kitambaa, akanifunga, akakaza fundo kuliko ilivyohitajika, akasema mtu wa kalamu aachiwe kalamu. Jioni hiyo sikukuta birika mezani. Nilikuta uji.

Siku ya kumi na nne iliangukia Ijumaa, mkesha wa Sabato yake. Ina maana kwake muda ungekwisha jua likizama. Niliandika barua ya ruhusa kwa mkono wangu. Ilisema matairi thelathini na mawili, makavu, yamefunikwa, kutoka Migori hadi gati la Homa Bay. Lori la kubebea karanga lilikuwa linakwenda huko tupu. Tulipakia alfajiri, dereva akafunga turubai, na kwa kuwa nilikuwa na ripoti ya mwezi ya kupeleka, nilikwenda nao. Mama alikaa kati yangu na dereva, amevaa gauni la kanisani, na Biblia mapajani.

Hadi Rongo tulikwenda vizuri. Tuliposhika barabara ya Homa Bay mvua ikaanza, nzito, na sehemu zile udongo ni mweusi, ukilowa hunata kama ugali. Kabla ya Rodi lori lilizama magurudumu ya nyuma mpaka ekseli. Dereva alikata matawi, utingo wake akasukuma, saa zikapita, haikusaidia. Mwishowe Mama ndiye aliyeshuka, akafungua turubai mwenyewe, akatuamuru tushushe matairi manne tuyalaze mbele ya magurudumu. Lori likanguruma, likayapanda, likatoka. Tuliyakusanya upesi kwenye mvua, tukayarusha ndani, tukaendelea. Tulikuwa tumelowa, na dereva alikuwa akipiga mluzi.

Mwendo mfupi mbele palikuwa na kizuizi cha polisi. Konstebo alikuwa kijana wa rika langu, koti lake la mvua limefungwa vifungo vyote. Alisoma barua, akapanda nyuma ya lori, akahesabu matairi moja moja akiyagusa kwa fimbo. Akashuka, akahesabu tena kutoka upande mwingine.

"Barua inasema thelathini na mawili," akasema. "Mimi naona thelathini na moja. Na hayajakauka."

Nilimweleza kuhusu mvua, akakubali kwamba mvua anaiona. Nilimweleza kuhusu matope. Akauliza kama tairi limebaki barabarani. Nikasema yawezekana limezama. Alitazama barua tena, akauliza ni nani aliyeiandika. Nikasema ni mimi. Akauliza kama huyo aliyeiandika anajua kwamba kuacha tairi chakavu mahali penye kuingia mvua ni kosa. Alisema bila dhihaka, kama anayetaka kuelewa. Nilihisi masikio yangu yakipata moto. Nilikuwa nimesimama na kofia ya serikali kichwani, maji yakinichuruzika shingoni, mkosaji wa kwanza wa sheria yangu mwenyewe katika wilaya nzima.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. Mama alikuwa ameshika mlango wa lori kwa mkono mmoja, amejiinamia, anacheka. Alicheka mpaka miwani ikamtoka. Dereva akaanza, utingo akafuata, na konstebo naye akageuza uso upande wa shamba.

"Twende tukachimbe, wuoda," Mama akasema. "Sheria ni yako."

Lori lisingeweza kurudi kwenye matope yale, kwa hiyo tulirudi kwa miguu, mimi, yeye na utingo, na jembe tuliloazima kwenye boma la karibu. Mvua ilikuwa imekatika. Mama alikunja gauni la kanisani magotini akatembea mbele. Njiani aliniambia jambo ambalo hakuwa amelisema siku zote zile. Alisema notisi haikumuumiza kwa sababu ya matairi. Ilimuumiza kwa sababu nilizunguka nyumba. "Ungetoka mlango wa nyuma ukaja kukaa na mimi, ukanionyesha hiyo kata yako. Mimi nilikuuguza. Nisingetaka uugue tena." Nilimwomba radhi pale barabarani. Alisema imekwisha, na ilikwisha kweli. Sikusikia tena habari hiyo hadi mwisho wa maisha yake.

Tairi lilikuwa limezama urefu wa mkono. Tulipolitoa lilitoka na sauti ya busu, utingo akatucheka sote kwa jinsi tulivyofanana, weusi mpaka nyusi. Tulilibingirisha hadi kwenye kizuizi. Konstebo alilihesabu, la thelathini na mawili, akaandika nyuma ya barua kwamba ameona, akatufungulia.

Lakini jua lilikuwa limeshashuka. Tulipofika Rodi lilikuwa limegusa vilima, na Homa Bay bado ilikuwa mbele. Mama alimwambia dereva asimame. Palikuwa na familia ya Wasabato aliyoifahamu karibu na soko, na angekaa nao hadi Sabato ipite. Nilimkumbusha kwamba mzigo ni wake, na shemeji anamngoja yeye. Alikuwa ameshashuka, anapangusa matope kwenye Biblia kwa upindo wa kitambaa cha kichwa.

"Wewe ndiye mwenye barua," akanijibu. "Yafikishe."

Nilikwenda nayo. Gati lilikuwa bado lina mwanga kidogo tulipofika. Shemeji mtu alikuwa jamaa mfupi mwenye mabega mapana. Alishangaa kumwona Mkuria aliyepakwa tope akishuka na mali ya shemeji yake, na alipojua kwamba mimi ndiye mpangaji akanikumbatia, tope na vyote. Tulishusha matairi pamoja, tukayapanga chini ya paa la ghala. Alitia sahihi kwamba ameyapokea yote, na hapo nilihisi kama nimemaliza mtihani mgumu kuliko ule wa chuo.

Kesho yake nilimpelekea mkuu wangu ripoti. Aliisoma barua ya ruhusa, akaigeuza, akasoma maneno ya konstebo. Aliniuliza nini kilitokea. Nilimweleza yote, pamoja na kuzunguka nyumba. Aliichezea kalamu, kisha akaniambia kwamba waraka ule aliuandika yeye, ofisini, bila kuwahi kushika kisu cha kukatia tairi. Akaniagiza nimwandikie jinsi mchanga unavyoharibu kisu na tundu linavyoharibu kanda. Niliandika kurasa mbili. Waraka uliofuata uliwapa mafundi wa akala wiki nzima ya kulikata kila tairi linalofika, bila kulijaza udongo wala kulitoboa. Nilipomsomea Mama aliniambia sasa wameandika kwa akili.

Jumapili, baada ya misa, nilimfuata Rodi kwa basi. Nilimkuta ameketi uani na wenyeji wake, gauni limefuliwa na kukauka, na wote tayari walikuwa wanajua habari ya tairi lililozama. Walinipokea kwa kicheko na sahani ya ugali. Mama alitaka kujua kama niliyahesabu mbele ya shemeji. Nikampa karatasi yenye sahihi. Aliisoma kama kawaida yake, mpaka chini.

Niliishi kwake miaka mingine mitatu. Siwezi kusema mbu waliisha Migori, lakini chumbani kwangu walipungua, na homa haikunirudia vile. Kilima hakikuinuka tena. Tairi likifika, alilikata wiki hiyo hiyo, na vipande akavipanga ukutani kama vitabu. Waraka aliuweka kwenye mkoba wake wa sokoni. Mara kwa mara niliambiwa na wengine kwamba amepita gerejini au stendi akawasomea watu kifungu fulani, na kwamba walimtii kuliko walivyonitii mimi. Mwenye gereji aliniambia kwamba Mama alimletea kata, akachota maji ndani ya matairi yake. Nilipotafuta kata yangu nikagundua kweli haikuwepo mahali pake.

Baadaye nilihamishiwa bonde la Lambwe, kwenye kazi ya kupambana na mbung'o. Alinitembelea mara moja, amebeba kapu la omena na mahindi mabichi. Tuliketi mchana kutwa tukizungumza habari za watu wa Migori, nani ameoa, nani amerudi kwao, konstebo yupi amepandishwa cheo. Mke wangu, ambaye alikuwa amemsikia tu katika masimulizi, alimuuliza jinsi nilivyokuwa nilipokuwa kijana. Mama alifikiri kidogo.

"Alikuwa mtoto mzuri," akasema. "Ila kisu hakujua kushika."